Chipu Iliyolazwa Chali

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni ya Wembe, kinyozi asiyejua kunyoa kimya kimya. Jioni tunakunywa kahawa hapo: Wembe mwenyewe, Breki aliyestaafu udereva wa malori, Fundi wa redio, na mimi. Jana Fundi alifika na uso wa mtu anayetoka msibani. Kwa miezi kadhaa amekuwa akijiundia kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, na mkewe ameshamwambia: dada zangu wakija kesho watakula mezani, si mapajani. Ilibaki kupachika chipu moja tu ndipo iwake.

— Zenye miguu mirefu hazitengenezwi tena, Fundi akasema. Siku hizi ni hizi bapa, miguu kama kope. Soketi yangu ina matundu ya kizamani. Ndiyo maana nikachora adapta: kibao kidogo, chipu inakaa juu, chini kuna pini za kuingia kwenye soketi.

— Yaani mguu wa mtoto, kiatu cha mtu mzima, wewe umetia soksi nene katikati, Wembe akasema.

— Tuseme hivyo. Kiwandani wamekitengeneza vizuri. Kosa ni langu. Nilichora miguu nikiitazama chipu kwa chini, kushoto kumekuwa kulia.

Akatoa kibao na chipu mfukoni. Tukavitazama kama tunaelewa.

— Dogo hilo, Breki akasema. Iwashe kinyumenyume. Mimi nilishapiga rivasi mlima mzima na mzigo ukafika.

— Umeme hauna rivasi, Breki.

— Hujaitafuta.

— Iunganishe mbele ya kioo, Wembe akasema. Kwenye kioo changu kila mteja kushoto ni kulia, na hakuna aliyetoka na sikio lisilo lake.

— Au geuza kompyuta nzima, Breki akaongeza. Skrini utaitazama kwa nyuma.

— Na wageni wakae upande gani wa meza? nikauliza.

— Chini yake, Breki akajibu.

Fundi hakucheka.

— Chipu ninayo hii tu. Na nikishaifungasha kompyuta kwenye boksi kupisha wageni, sitalifungua tena. Najijua.

Wembe akainyanyua chipu kwa kibano chake cha ndevu, akaipindua, miguu ikaangalia juu.

— Mende akilala chali, mguu wake wa kushoto unakuwa wapi?

Fundi akatazama. Akainama, akatazama tena.

— Kulia, akasema polepole. Miguu nitaikunja irudi chini. Ukivunjika mmoja, basi.

Akavifunga kwenye leso, akaondoka bila kuaga, kahawa yake ikiwa nusu.

Birika la pili lilikuwa linaelekea kuisha tulipomwona anarudi, jasho linamtiririka, mkewe nyuma yake.

— Imewaka, akasema. Imewaka.

Tukampa mikono. Breki alitaka tukubaliane kwamba wazo lilikuwa la rivasi. Mke wa Fundi akangoja tumalize.

— Hongereni, shemeji zangu. Sasa imewaka, inafanya nini?

Tukamgeukia Fundi.

— Inaandika herufi A.

— Halafu?

Fundi akamtazama Breki. Breki akachungulia kikombe chake. Wembe akakumbuka kwamba ndani kuna mteja aliyenyolewa upande mmoja.