Kle ya Kufa Mara Moja

Asante, mwenyekiti wa jumuiya, kwa kunipa nafasi. Ndugu zangu, mnivumilie. Wengi wenu hapa Ruashi mnanijua kwa mambo mawili: kwamba nilikunywa lutuku, ile pombe kali, miaka minne, na kwamba siku hizi ninatengeneza vile vidude vya alumini mnavyoviona vimevunjika karibu na mlango wangu. Mambo hayo mawili yalitoka mahali pamoja, na leo nitawaambia ni wapi. Ndani yake kuna neno ambalo nimelisema kwa watu wawili tu. Mmoja wao ndiye aliyenituma kulisema mbele yenu. Nikilia, mniache nilie. Na msianze wimbo kunisaidia, nawajua ninyi.

Nitajaribu kusema Kiswahili cha misa, lakini maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyasema.

Mimi ni fundi wa kufunga na kufungua mashine. Nilifanya kazi katika ateliye, yaani karakana, moja ya pampu, sitaitaja. Mdogo wangu, tumbo moja, nilimwingiza kazini mimi mwenyewe. Aliniita yaya, maana sisi mkubwa hatumwiti kwa jina. Nilimfundisha kushika tupa, kusikiliza mashine ikiwa mgonjwa, kunawa mafuta mikononi kwa mchanga kabla ya kula. Na nilimfundisha kukaza.

Kukaza kwetu kulikuwa na msemo wake: "Kaza paka ilie," yaani kaza mpaka ilie. Unaweka kle, ile spana, kwenye kichwa cha buloni, yaani bolti, unasukuma. Mkono ukishindwa unachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili uwe mrefu, unasukuma tena mpaka chuma kitoe kasauti kadogo, kwii. Hapo imelia. Hapo wewe ni mwanaume. Aliyeishia njiani tulimcheka: "Eh, weye uko nakaza sawa muntu iko nafunga kikwembe!" Akina mama, vikwembe ni nguo zenu, samahani, ndivyo tulivyosema.

Na kulikuwa na sheria nyingine ambayo haikuandikwa ukutani. Alichokaza mkubwa, mdogo hakigusi. Ukilegeza buloni aliyoikaza mkubwa wako, umesema mbele ya watu kwamba hajui kazi. Lilikuwa tusi. Na mimi nilikuwa mkali sana kwa sheria hiyo kuliko wote.

Ndugu zangu, nawaambia, buloni za zamani zilivumilia ujinga wetu. Halafu zikaacha kuja. Mnaikumbuka ile miaka: vipuri havifiki, tunaambiwa tujitegemee, nasi tukajitegemea. Tulichonga buloni zetu wenyewe kwa chuma chochote tulichookota. Zilikuwa nzuri kwa macho, meno yake yanang'aa. Lakini chuma chenyewe kilikuwa laini. Zililia mapema, na sisi tukafurahi tukidhani mikono yetu imepata nguvu. Kumbe kulia kwake kulikuwa shingo yake inaanza kukatika.

Siku ile, kabla ya kutoka kazini, nilifunga kifuniko cha tangi la hewa. Buloni nane. Nilizikaza zote kwa mkono wangu na kwa bomba langu. Ya nane ililia mara mbili. Nilisikia. Nikajisemea, ah, leo niko vizuri. Nikamwachia mdogo wangu apanguse mafuta, nikaenda nyumbani.

Asubuhi kazi ya kujaribu, yaani kuingiza hewa ndani ya tangi, ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mwisho wa ateliye, na tupa mkononi. Watu hudhani mlio ulikuwa mkubwa. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliosukumwa na upepo. Kisha makelele. Kifuniko kilikuwa kimempiga kifuani. Nilimshika kichwa. Akasema, "Yaya." Basi. Hospitali walimpokea akiwa ameshakwenda.

Sasa sikieni. Chef, mkubwa wa ateliye, alikuja na karatasi. Kwenye karatasi ya majaribio kulikuwa na jina la mdogo wangu, kwa hiyo wakubwa wa kazi walitaka kuandika kwamba yeye alikaza kupita kiasi, kwamba kosa ni la mfanyakazi mwenyewe. Lakini chef aliniuliza kwanza. Aliuliza mbele ya watu sita: "Citoyen," ndivyo tulivyoitana miaka ile, "ni weye njo ulikaza, ao ni mudogo yako?"

Nikajibu: "Sijue."

Neno moja, ndugu zangu. Nilijua. Mpaka leo nasikia harufu ya yale mafuta. Niliogopa kazi, niliogopa gereza, niliogopa watu kusema yule fundi mkubwa hajui kukaza. Sijui niliogopa nini zaidi. Wakaandika.

Kwenye kilio mimi ndimi niliyekuwa mkubwa wa familia, mimi ndimi niliyepokea mikono ya watu. Walikuja wakasema, "Pole, yaya. Mudogo yako alikuwa na haraka." Nikatikisa kichwa. Mke wake alikaa kwenye mkeka na mabinti zao wawili, mdogo bado ananyonya. Kwa ajili ya karatasi ile walitolewa katika nyumba ya wafanyakazi. Na yule mkubwa alipoanza shule, wenzake walimwambia baba yake alijiua kwa ujinga wake. Nililetewa habari hiyo. Nikanywa.

Habari za lutuku sitazisema kwa urefu, mliziona kwa macho yenu. Nilifukuzwa kazi. Mke wangu alirudi kwao Makomeno, na simlaumu hata kidogo. Nililala kwenye mtaro jua likiwa juu, na akina mama fulani walio hapa walinipita wameziba pua. Niliwaona! Sina kinyongo, nilinuka kweli.

Mlango niliopenda kulala mbele yake ulikuwa wa jirani yangu, fundi wa kuyeyusha alumini na kumimina sufuria kwenye mchanga. Mtu mkali, mdomo wake hauna breki. Siku moja alinipiga teke mguuni, akasema, "Kama unalala pa mulango yangu kila siku, puliza ata moto." Nikaanza kupuliza moto. Nilipuliza nimelewa, lakini nilipuliza.

Sasa ikaja salongo, ile kazi ya mtaa mzima, asubuhi ya Jumamosi. Tulikuwa tunalima majani kando ya barabara, na wengine wanatengeneza pampu ya maji ya mtaa. Nikaona mtu anachomeka bomba kwenye kle. Wenzake wakapiga makofi: "Kaza! Kaza paka ilie!" Ikalia. Ndugu zangu, sijui miguu yangu ilikwendaje. Nilimrukia yule mtu, nikamshika mkono, tukaanguka wote kwenye matope, nikalia mbele ya mtaa mzima. Watu wakasema lutuku imemaliza kichwa chake.

Fundi wa sufuria peke yake ndiye aliyeinama. Akaniuliza taratibu, na sikuwahi kumsikia akisema taratibu: "Ile ya mudogo yako, nani njo alikaza?"

Nikasema, "Ni mi."

Hakunipapasa bega. Alisema, "Sasa, kulia tu haitoshe. Weye uko fundi. Tengeneza kintu."

Nilikwenda kukaa na neno hilo. Nitengeneze nini? Mashauri tulikuwa nayo tele. Hata kle ya kupima, ile yenye mshale unaoonyesha nguvu, ilikuwapo kwenye kabati la chef kule kazini, imekufa zamani na hakuna wa kuifufua. Na mwanaume mwenye majivuno, ukimwambia kaza kidogo, atakaza zaidi ili akuonyeshe. Kwa hiyo kle yenyewe ndiyo ikatae. Ife kabla ya buloni kuumia. Na ife kabisa, isibaki mpini wa kuchomekea bomba. Ikaze buloni moja, ivunjike, irudi motoni.

Za kwanza nilichonga kwa mbao za masanduku. Kiangazi zilivunjika vizuri. Mvua ya kwanza iliponyesha mbao zikanywa maji, zikawa zinapinda tu. Nikazichoma zote. Nikamwomba fundi wa sufuria alumini, tukamimina kle za mpini mrefu, nami nikapunguza shingo kwa tupa. Nilitundika ndoo kwenye mpini, nikamimina maji kopo kwa kopo mpaka ivunjike, nikahesabu. Lakini ikawa mtu akishika karibu, na mwingine akishika mwishoni, buloni haipati nguvu ileile. Fundi akacheka mpaka akakaa chini: "Kle yako iko na upendeleo! Inachagua bantu!"

Nilikaribia kuacha. Nilikuwa na kiu, mnanielewa. Yeye akaniambia, "Enda basi ukunywe, lakini tupa yangu uache hapa." Sikwenda, kwa sababu tupa sikutaka kuiacha.

Mchana mmoja nikamtazama akikamua kitambaa chake cha jasho. Anasokota, na kitambaa kinajikunja katikati. Nikasimama. Kumbe shingo ya kle nilikuwa naipinda, wakati ilitakiwa isokotwe! Tukamimina kle fupi, mpini umekaa juu kwa kukingama, mtu anaishika kwa mikono miwili na kuizungusha. Ushike karibu, ushike mbali, shingo inakatika kwa nguvu ileile. Na katika kila mmimino navunja tatu kwanza. Zisipopatana, zote zinarudi motoni. Kazi hiyo ilichukua masika mawili. Sikuapa kuacha pombe. Mkono unaotetemeka haupigi tupa shingo nyembamba, basi.

Chef wa ateliye nyingine alikubali zijaribiwe kwake. Walizicheka: "Kle ya banamuke!" Akaja fundi mmoja mwenye kifua kipana, akazungusha, akazungusha, tak! Kichwa kimebaki kwenye buloni, mpini uko mkononi. Akageuza macho kutafuta mahali pa kuchomeka bomba. Hapakuwa na mahali. Wakacheka, safari hii wakimcheka yeye, na kazi ikaendelea.

Mnadhani nilifurahi? Nilitoka nyuma ya ukuta nikalia vibaya sana. Ilikuwa kitu kidogo mno. Kitu kilichoyeyushwa kutoka sufuria zilizotoboka. Mdogo wangu angeishi kwa kitu kama kile, na mimi nilikuwa na akili ya kukitengeneza tangu zamani, ila nilikuwa naisikiliza buloni ikilia nikifurahi.

Hapo nikajua lazima niende kwa shemeji yangu, mke wa marehemu. Nilimkuta mtaa wa Hewa Bora, kwa dada yake, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Niliweka kle moja chini kwenye mkeka. Nikasema, "Shemeji, ile buloni, mi njo nilikaza. Na balipouliza, nilisema sijue."

Aliendelea kutwanga. Alitwanga mpaka majani yakalainika. Kisha akaweka mchi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua namna gani?"

"Asubuhi ile, mbele aende ku kazi. Aliniambia, ile buloni ya munane iko mubaya, alipopangusa alisikia na kidole shingo yake imekonda. Nikamuambia, basi ilegeze. Akasema, hapana, yaya njo alikaza. Akasema, nitamuambia kisha, tukiwa bawili tu, asipate haya."

Ndugu zangu. Mniache kidogo.

Asipate haya. Alikwenda kusimama mbele ya lile tangi kwa sababu hakutaka mimi nione haya. Sheria ile nilimfundisha mimi.

Nikamwomba shemeji msamaha. Nilipiga magoti. Yeye akasema, "Mi nilinyamaza juu ya heshima yako. Nilisema, nikimushitaki yaya, nani atatuchunga? Na haukutuchunga." Ni kweli. Sikuwachunga. Nikamwuliza nifanye nini. Akajibu, "Leo sikusamehe. Enda useme kwanza. Useme mbele ya bantu, batoto bake basikie."

Ndiyo maana nimesimama hapa.

Namshukuru fundi wa sufuria. Amekaa pale nyuma, anajifanya anatazama viatu vyake. Alinipa moto, alumini na matusi, na vyote vitatu nilivihitaji. Nawashukuru wale mliokuwa mnaniachia sahani ya bukari, ugali wetu, mlangoni bila kugonga, mpaka leo siwajui. Na ninyi mlio wakubwa kazini na nyumbani, nawaomba jambo moja. Mdogo akikuambia umekaza sana, mwache alegeze. Alegeze mbele ya watu wote. Haya inapita. Mimi niko ndani yake sasa hivi, na bado napumua.

Kesho asubuhi naenda ofisini kwa wale walioandika ile karatasi, niwaambie waandike upya. Watakachonifanya, wanifanye.

Sasa nina neno kwa mabinti wawili waliokaa pale karibu na mama yao. Wanangu, nitazameni. Baba yenu hakukosa. Hakuwa na haraka, hakuwa mjinga. Aliiona ile buloni kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa ncha ya kidole chake, na mimi mwenye kuikaza nilikuwa nimelala. Alikuwa fundi kunipita mimi. Mtu akiwaambia neno lingine shuleni, mumlete kwangu, nitamwambia aliyekaza ni nani.

Shemeji, nimesema. Kama haitoshi, uniambie, nitasimama tena.