Gernot Häberle na Mgeni Wake wa Jumapili

Tunamsindikiza leo baba yangu, Gernot Häberle, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1941 mjini Reutlingen. Baba yake, Gotthilf, alikuwa fundi wa kulainisha ngozi za wanyama, na kwa sababu ya harufu ya kazi hiyo mkewe alikuwa akimpakulia chakula uani. Marehemu alisema hakuwahi kuisahau sahani ile.

Alisoma Reutlingen, kisha Tübingen, alikopata shahada ya uzamivu ya falsafa mwaka 1969. Alifundisha maadili hadi alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka 1971 alimwoa Roswitha, mwanasaikolojia, na meza yetu haikutulia tena kwa mabishano. Baba alishikilia kwamba jema na baya hupimwa kwa akili, na kwamba hata mtu anayetutia kinyaa ana haki zake kwetu.

“Gernot, watu huamua kwa tumbo,” Mama alimwambia. “Akili huja baadaye kutafuta visingizio.”

“Basi tumbo linyamaze.”

“Lako limenyamaza lini? Maziwa yenye utando tu yanakukimbiza!”

Mwaka 2011 jirani yetu Ulf Kächele alitoka gerezani. Alikuwa amemfungia mama yake mgonjwa chumbani, akamwacha alale katika kinyesi chake hadi akafa. Mtaa mzima tuliisikia harufu ile. Baba akamwalika chakula cha Jumapili.

“Kifungo amemaliza,” alituambia. “Nani ana hoja ya kumzuia? Hoja, siyo kichefuchefu.”

Jumapili ikafika. Ulf alikula dengu na tambi, akalamba kijiko, akaomba aongezewe. Mimi, Almut, binti wa marehemu, nilitoka nikatapika. Tangu hapo alikuja kila Jumapili, na Mama alimtengea kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa.

Mwaka 2018 Baba alipatikana na saratani ya kongosho. Alipoishiwa nguvu, Ulf ndiye aliyemgeuza na kumsafisha. Mikono ile ile!

“Baba, unakubalije huyu akuguse?”

“Yeye haoni kinyaa, Almut. Wewe umeziba pua.”

Ni kweli, nilikuwa nimeziba.

Siku zake za mwisho aliniomba nimpe Ulf mkono. Nilimpa. Ulikuwa na unyevunyevu. Kisha nikaenda kunawa, nikajisugua kwa brashi, na Baba akasikia maji.

“Mkono umempa, mwanangu, nami nimeona,” aliita kutoka kitandani. “Hayo ya maji ni ya tumbo; kaongee na mama yako.”

Mama alicheka hadi akatokwa machozi.

Baba alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2019, kwenye shuka ambazo Ulf alikuwa ametoka kuzibadilisha.

Ameacha mjane, Roswitha; watoto wawili, Henning na mimi; na wajukuu watatu. Aliagiza Ulf Kächele atajwe pamoja na wafiwa. Nimemtaja. Kinyaa changu hakijaisha, na Mama anasema huenda kisiishe. Jeneza Ulf atalishika upande wa kushoto, mimi wa kulia.

Lala salama, Baba.