Kijiji Nilichokihesabu kwa Kanzu

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mola aliyeinua milima ya Hajar kaskazini, akatandaza mchanga kusini, na katikati yake akatuwekea wilaya yetu ya Ibra. Leo nasimama nikijivuna, lakini kabla sijajisifu sina budi kuusema uongo wangu.

Nilizaliwa Tabora. Wazee wangu walirudi Omani nikiwa mtoto, tukafikia Ibra, kwenye asili ya ukoo wa baba. Kiarabu changu kilikuwa kibovu, na wenzangu skuli walinicheka mpaka nikajifunza kunyamaza. Nilipokua niliapa kuwa mtu wa Ibra kuliko wa Ibra wenyewe. Nikaijua wilaya kwa miguu: kila wadi, yaani bonde la mto mkavu, na inakoteremkia, kila kijiji na mitende yake, kila mfereji wa falaji na zamu ya maji ni ya nani. Na mama yangu, Bi Zuwena, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, nikamkataza kusema Kiswahili nje ya nyumba. Akienda soko la wanawake la Jumatano, anaonyesha kitu kwa kidole, analipa, anarudi. Ndugu zangu, nilimfanya mama yangu bubu ili mimi nionekane fasaha!

Miaka ya tisini ikaja hesabu ya watu. Walitafutwa vijana wanaoijua nchi, nami nikachukuliwa. Msimamizi wetu, Mzee Sulaiman, alitwambia kwamba atakayefanya kazi safi ataombewa nafasi ya kudumu ofisini. Nilikuwa sijawahi kuajiriwa. Niliitaka nafasi ile kama mgonjwa anavyotaka maji.

Nilipewa vijiji vya juu ya wadi, na vyote vilinipokea kwa tende na kahawa, isipokuwa kimoja, cha mwisho kabisa, kilichobandikwa ubavuni mwa mlima. Wanaume wake walikuwa kazini Maskati, jeshini na polisi, wanarudi Alkhamisi na Ijumaa. Nyumbani walibaki wanawake na watoto, na kwa desturi yetu mwanamme mgeni haingii penye wanawake peke yao, wala hatajiwi majina yao. Nilibisha kwa Kiarabu changu kizuri cha kujifunza. Hakuna aliyefungua. Siku ya pili vilevile. Kungoja Alkhamisi kungenichelewesha nyuma ya wenzangu, na mimi nilitaka kuwa wa kwanza.

Basi nikakaa juu ya jiwe mkabala na kijiji, nikahesabu kanzu zilizoanikwa juu ya mapaa. Kubwa, mwanamme. Ndogo, mtoto. Nikajaza fomu zote pale pale juu ya jiwe, na majina nikayatunga.

Mzee Sulaiman alizipokea akazisifu mbele ya wenzangu. Alisema hajapata kuona fomu safi namna ile. Nilirudi nyumbani na sifa zile zimenikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Wakati wa chakula cha mchana mama akaniuliza habari za kule juu. Nikamwambia ni watu wachache, nikamtajia nyumba moja moja. Akasikiliza mpaka mwisho, huku akinipakulia wali.

“Na wanawake?” akauliza.

Ndugu zangu, nguo za wanawake haziwekwi juani mbele ya wapita njia. Zinaanikwa ndani ya ua. Katika nyumba zile zote sikuwa nimeandika mwanamke hata mmoja.

“Kijiji gani hicho cha wanaume watupu?” mama akasema. “Nani anawapikia? Mbuzi?”

Nikalia, mtu mzima mimi, na tonge mkononi. Nikamweleza yote. Nilitegemea anilaani. Badala yake alinawa mikono, akaomba dua fupi, kisha akaniambia kesho nimpakie kwenye pikapu nimpeleke.

Tulifika jua bado halijapata makali. Mama akanipita, akasimama mbele ya mlango wa kwanza, yule mama niliyemfunga mdomo miaka yote ile, akaita kwa sauti ya kwao:

“Hodi! Hodi wenyewe!”

Nilitaka ardhi inimeze. Kwa nini Kiswahili, na kwa nini huku? Kisha nyuma ya mlango ikatoka sauti ya bibi mtu mzima, inatetemeka:

“Karibu. Nani apigaye hodi huku mlimani?”

“Mie Zuwena wa Ibra. Nimekuja na mwanangu, anahesabu watu.”

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwanamke wa Unguja, aliyeletwa na mumewe baada ya mapinduzi. Jirani yake, aliyekuwa naye pale ndani, alikuwa wa Pemba. Nikawaamkia shikamoo kutoka kizingitini, na neno lilinitoka bila ya kujikwaa.

“Marahaba, baba,” akasema yule bibi. “Mbuzi wetu wanahesabiwa kila jioni. Sisi leo ndiyo mara ya kwanza.”

Mama akaingia ndani, mimi nikabaki nje na kalamu. Alinipokeza majina kupitia dirisha, nyumba baada ya nyumba: mabibi, mabinti, wajane, mapacha wa kike wa wiki tatu. Penye nyumba niliyoandika watu watano, walikuwa kumi na mmoja!

Siku ileile nilimpelekea Mzee Sulaiman fomu mpya, nikamwambia za kwanza ni uongo, na nafasi ile ampe mwengine. Alizisoma zote mbili polepole.

“Za mwanzo zilikuwa safi kwa sababu hazikuwa na watu,” akasema.

Nafasi alimpa mwengine, kama nilivyomwomba. Lakini vilikuwepo vijiji vingine vilivyowashinda wenzangu, akaniamuru niende huko, na nimchukue mama yangu. Tulizunguka mpaka ukingo wa mchanga. Kila penye mlango mgumu nilirudi nyuma, mama akatangulia, akibisha kwa lugha yoyote aliyotaka. Nami nilisimama nyuma yake nikiwaambia watu, kabla hawajauliza, huyu ni mama yangu.

Alhamdulillahi! Ndugu yangu, kama umeandika uongo, rudi kaufute ungali hai, hata ukikosa ulichokitaka. Mtegemee Mola. Mimi alinitoa juu ya jiwe lile kwa mkono wa mama yangu, na wewe hakukusahau katika hesabu yake.