Mama Turudie Anaondoka na Saini Yake

Baada ya miaka ishirini na saba katika maabara yetu ya kompyuta za kwanta, mtafiti mwandamizi tunayemwita Mama Turudie anastaafu tarehe 30 Juni. Mkuu wa maabara ameniagiza niandike maneno matamu ya kumuaga yasiyozidi ukurasa mmoja. Haya, nayaandika.

Mashine yetu ya kwanta, inayosifiwa kuzishinda kompyuta za kawaida, inadeka kupita kiasi: lazima ikae kwenye baridi kali, na mtikisiko mdogo tu huivurugia hesabu. Kuna mwaka ilikosea ovyo kila asubuhi. Wakubwa wakaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo. Mama Turudie akabeba kigoda na daftari, akaketi ngazini wiki tatu akiandika kila lifti ilipopanda. Kumbe ni lifti! Tangu hapo lifti hufungwa saa za majaribio, na Mkuu hufika ghorofa ya tano akihema kama aliyekimbizwa na mbwa. Hajawahi kumsamehe.

Jina lake limetokana na ugonjwa wake mmoja: kila jibu la mashine alilirudia kwenye kompyuta yake kuukuu ya mezani, ile iliyong'oka kitufe. Sisi wasomi wa juzijuzi tulimcheka mpaka machozi.

Februari, Mkuu alishashona suti na kualika wageni. Eti mashine yetu imefanya hesabu ambayo kompyuta ya kawaida ingeihangaikia miaka elfu! Ripoti ilihitaji saini ya mtafiti mwandamizi. Mama akaomba turudie. Ile kuukuu ikamaliza hesabu hiyo kwa dakika kumi na moja, yeye akinywa chai. Akakataa kusaini. Akaambiwa basi asahau ile miaka miwili ya nyongeza kazini aliyoahidiwa, miaka aliyoihitaji kumalizia utafiti wake. Akafunika kalamu, akarudi mezani kwake.

Wiki hiyohiyo akapatikana mtu wa kupandishwa cheo haraka ili asaini. Mtu huyo ni mimi. Wageni walipiga makofi, nami nikainama kwa madaha. Aibu yangu!

Kompyuta ya mezani ameniachia mimi. Leo asubuhi nimeirudia ile hesabu. Dakika kumi na moja, na chai yangu haijapoa.

Asante, Mama. Kapumzike na wajukuu, afya tele, usingizi mnono. Saini yangu nimeomba iondolewe kwenye ile ripoti, kwa hiyo Mkuu atahitaji mtu wa kuandika wasifu mwingine wa kuaga hivi karibuni. Wangu.