Mama Rebeka Ameondoka Chumba cha Kuonjea

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Esnath Nyagawa, ambaye hapa kiwandani karibu kila mtu anamwita Mama Rebeka, amestaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na mmoja. Amestaafu kwa hiari, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ndivyo sheria inavyouita ustaafu wa umri huo. Sisi tuliofanya kazi naye tunajua kwamba hiari yenyewe ilikuwa ndogo sana.

Bi. Esnath alizaliwa kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, kwa wazazi wakulima wa viazi. Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani miaka kadhaa, akaolewa na fundi seremala Elius Nyagawa, kisha mwaka 1994 akaja hapa kama kibarua wa kunyausha majani. Kazi hiyo ni ya kugeuza majani mabichi kwenye vitanda virefu vya wavu, hewa ikipulizwa kutoka chini, mpaka yalegee. Mwonjaji mkuu wa wakati huo, marehemu Mzee Enoki Fute, alipita siku moja akamkuta ameinama juu ya kitanda cha mwisho, macho ameyafumba.

"Unanusa nini, binti?" akamuuliza.

"Kitanda hiki kimezidi, mzee. Kinanukia kama mahindi mabichi yaliyofunikwa."

Mzee Enoki alicheka, lakini naye akainama akanusa. Wiki iliyofuata binti huyo alikuwa chumba cha kuonjea, akiosha vikombe. Aliosha vikombe kwa muda mrefu kabla ya kupewa kijiko, na Mzee Enoki alipostaafu, meza ile ikawa yake.

Kwa wasomaji wasioifahamu kazi yetu: kila asubuhi vikombe vyeupe hupangwa mezani, chai ikiwa kali, bila maziwa wala sukari. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huivuta kwa kelele ili ienee mdomo mzima, huigeuza ulimini, halafu huitema kwenye ndoo na kusema chai hiyo ni ya daraja gani na imekosa nini. Mama Rebeka aliifanya kazi hii kwa furaha ambayo mimi sijaiona kwa mtu mwingine. Chai ikiwa nzuri alikuwa anaisalimia. "Kamwene!" anaiambia, kwa Kibena, kama mtu aliyekutana na shangazi yake sokoni.

Masharti yake yalikuwa makali. Hakuna kitunguu siku ya kazi, hakuna sabuni ya kunukia, hakuna mafuta ya mgando. Aliyebanwa zaidi na masharti hayo ni Bwana Halfan, msafirishaji wa Makambako anayebeba chai yetu, mtu anayependa manukato kuliko chakula. Siku ya kwanza alipofika mlangoni, Mama Rebeka alimnyooshea kijiko.

"Hapo hapo, kaka! Zunguka, simama dirishani."

"Dada yangu, leo Ijumaa. Nimejipaka kidogo tu."

"Ijumaa njema, kaka Halfan. Zungumza ukiwa huko huko nje."

Tangu siku ile, shughuli zao zote zilifanyika dirishani. Hata mwezi wa saba, baridi la Njombe likiwa limeshika kila kitu, Bwana Halfan alisimama nje na koti lake zito, akilalamika na kucheka.

Wapo pia wanaokumbuka harusi moja ya usharika wao wa Kilutheri, ambapo Mama Rebeka alikaa meza ya mbele pamoja na mchungaji. Chai ikaletwa. Mazoea yakamshinda. Aliivuta kwa mlio uliosikika mpaka kwa wanakwaya, akaigeuza mdomoni, halafu akaanza kutazama chini ya meza akitafuta ndoo. Mchungaji alimsogezea kitambaa akidhani anaumwa. Kisa hiki alikuwa anakisimulia mwenyewe, na hakukimaliza hata mara moja bila kufuta machozi ya kicheko.

Kustaafu hakukumtisha. Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe tuliujua sote. Yeye na mumewe walikuwa na kiwanja Lyamkena, pale Makambako. Magari ya Mbeya, ya Songea na ya Iringa yote yanapita katika mji ule, abiria wanashuka wakitetemeka, na chai wanayopewa imechemka tangu alfajiri. "Wanakunywa rangi tu," alikuwa anasema kwa uchungu wa kweli. Akifika miaka sitini angefungua nyumba ya chai yenye madirisha makubwa, mabenchi ya Elius, na chai ya Njombe aliyoichanganya kwa mkono wake. Saa za chakula alikuwa anatujaribishia michanganyiko yake, mimi na mwenzangu Remmy. Jina la nyumba lilikuwa tayari: Kamwene.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, alishikwa na mafua makali yaliyomlaza majuma mawili. Akarudi kazini amekonda, akasema amepona. Hatukuona tofauti, isipokuwa kwamba hakuwa anaisalimia chai tena. Tulidhani ni uchovu.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, ilikuja chai iliyoshika moshi kwenye mashine ya kukaushia. Harufu ilikijaza chumba kabla vikombe havijafika mezani. Remmy alionja akakunja uso. Mimi nikaonja, nikatema haraka. Mama Rebeka akachota, akavuta, akageuza ulimini, akatema.

"Nzuri," akasema. "Ina nguvu. Tuendelee."

Remmy alitazama sakafu. Mama Rebeka alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini?"

"Mama," nikasema, "ina moshi."

Alikiinua kikombe, akakiinamia mpaka pua ikagusa chai.

"Moshi mwingi?"

"Mwingi, mama."

Alikiweka kikombe chini polepole. "Basi mimi sina kazi," akasema. Akatueleza palepale kwamba tangu ugonjwa ule hakuwa amesikia harufu wala ladha ya kitu chochote. Uji, chumvi, sabuni, mvua, vyote vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa anaonja kwa kuangalia rangi ya chai na nyuso zetu, akingoja hali irudi. Kisha akavua aproni yake na kwenda mwenyewe kwa meneja. Hakutaka mtu amsindikize.

Uongozi ulimpa likizo, akapelekwa kwa madaktari, wa hapa Njombe na wa mbali. Daktari bingwa mmoja alimweleza bila kumficha: huenda ikarudi, huenda isirudi, na mwaka ukipita matumaini yanapungua. Alimfundisha zoezi la kunusa. Kila asubuhi Mama Rebeka alikaa jikoni na vikopo vya karafuu, limau, kahawa na majani ya mkaratusi, akavuta pumzi juu ya kila kimoja huku akijikumbusha kilivyokuwa. Asubuhi moja aliruka akamkimbilia mumewe karakana, akipiga kelele kwamba mkaratusi umerudi. Elius aliacha randa, wakarudi jikoni pamoja. Akavuta tena. Haikuwa harufu. Ulikuwa ule muwasho tu ambao mkaratusi unaupa pua ya mtu yeyote. Elius ndiye aliyenisimulia haya. Anasema siku ile mkewe alivifunika vikopo vyote, na havikufunguliwa tena.

Aliporudi kazini alipangiwa ghala la vifungashio. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu wake uleule, na msimamizi wa ghala hana neno baya juu yake. Lakini kutoka ghalani kwenda kula, njia fupi inapita mbele ya chumba cha kuonjea, na yeye alizunguka upande wa kuni, kwenye matope, ili asipite mlangoni kwetu. Mimi na Remmy tulikuwa tunamwona. Hatukujua tumwiteje.

Mwezi wa tatu mwaka huu, binti yake Rebeka, ambaye ni muuguzi huko Lugarawa, alijifungua mtoto wa kike. Mama alikwenda. Aliporudi tulimpongeza, akatushukuru, kisha akanivuta pembeni.

"Silvanus, wamenipa mtoto nikamshika. Nikamwekea pua hapa utosini, kama mama yangu alivyofanya kwa Rebeka. Hana harufu, mwanangu. Mjukuu wangu hana harufu. Nililia, na Rebeka alidhani nalia kwa furaha. Nikamwacha adhani hivyo."

Mwezi uliofuata aliomba kustaafu.

Juma lililopita tulikwenda kumwona Makambako, mimi na Bwana Halfan, kwa gari lake. Nyumba ya Lyamkena imekamilika. Elius aliendelea kuijenga mwaka mzima, peke yake, akiamini kwamba mkewe atakapoiona imesimama atabadilika. Madirisha ni makubwa kama alivyoyataka. Mabenchi yamepangwa moja juu ya jingine ukutani, hayajakaliwa na mtu. Mama Rebeka alitupokea mlangoni. Alimtazama Bwana Halfan, aliyekuja bila tone la manukato kwa mazoea ya miaka yote ile, akiwa na kanzu iliyopigwa pasi.

"Umejipaka leo, kaka?"

"Sijajipaka, dada."

"Ungejipaka tu," akasema. Bwana Halfan alitoka nje akasema anakwenda kuangalia matairi.

Nilimweleza Mama Rebeka nilichokuja nacho. Kwamba mimi na Remmy tunaweza kumchanganyia chai kila mwezi, kwa vipimo vyake mwenyewe, na yeye akaisimamia nyumba. Kwamba wageni watakuja kwa jina lake.

"Na mgeni akiniuliza, mama, chai ya leo ikoje, nimjibuje?" akauliza.

"Uniulize mimi," Elius akasema. "Nitakuwepo."

"Wewe? Wewe unatia sukari vijiko vinne!"

Tukacheka wote, hata Mama Rebeka. Kicheko kiliisha mapema. Akasema nyumba ameshaipangisha kwa kijana anayeuza vipuri vya pikipiki, ataingia mwezi wa saba. Yeye na Elius wanarudi kijijini, kwenye shamba la mama yake, kulima viazi.

"Kiazi hakiniulizi kitu," akasema.

Elius alinyanyuka, akaanza kuyatoa mabenchi nje, mojamoja, na mimi nikamsaidia. Tulipolifikia la mwisho aliniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani nikimaliza paa atapona."

Kabla hatujaondoka nilimwambia Mama Rebeka kwamba naandika wasifu wake, nikamuuliza angependa tuseme nini.

"Usiandike kwamba napumzika. Watu wananipigia simu, hongera, sasa pumzika. Nimechoka na nini? Mimi sikuwa nimechoka. Andika kwamba niliipenda ile kazi na imeniacha." Halafu akaongeza, "Na andika kwamba kila asubuhi naamka na ule mpango wangu wa zamani. Nauwaza wote, vikombe, mabenchi, kila kitu. Mpaka nimeze uji ndipo nakumbuka."

Nimeandika kama alivyosema. Kamati ya kumuaga ilikuwa imemnunulia birika na vikombe vya kaure, kwa nia njema, bila kufikiri. Vimerudishwa dukani na badala yake atapewa blanketi zito la sufu na jembe.

Mama Rebeka, wote waliowahi kushika kijiko katika kiwanda hiki kwa miaka ishirini iliyopita walifundishwa na wewe. Umetufundisha kusema kweli juu ya chai hata inapotuaibisha, na siku ile ya moshi ulituonyesha jambo hilo linafanywaje na mtu mzima. Kwa hayo tunakushukuru, uongozi na wafanyakazi wote. Pumziko jema hatutakuambia, kwa kuwa umetukataza. Wala hatutakuambia kwamba mambo yatakaa sawa, kwa kuwa hatujui.

Tunakutakia asubuhi moja, hata ikichelewa, utakayoamka ukiwa na mpango wa siku hiyohiyo, ukala uji wako ukaumaliza, bila kukumbuka kitu.

Silvanus Mwalongo
Chumba cha Kuonjea