Shemeji Anatory, Aliyejua Kufa Kwenye Filamu za Waitaliano

Ndugu waombolezaji mliojibana katika chumba hiki cha Sanyuanli, ugenini kwa Wachina, mimi ni Jovitus, shemeji wa marehemu na ndugu yake pekee katika mji huu, na niseme mapema kwamba sikumpenda, naye alilijua hilo na lilimfurahisha.

Marehemu Anatory alizaliwa tarehe 14 Aprili 1943 huko Kashozi, Bukoba, akasoma seminari, na mwaka 1964 akapelekwa Roma kusomea upadri, ambako miaka miwili baadaye aliacha masomo, akakodiwa kushika mkuki kwenye filamu ya mashujaa wa kale, farasi akamtupa nyota wa filamu, na nafasi ikamwangukia yeye. Kuanzia hapo hadi 1979 alikuwa jina la kwanza kwenye mabango, leo mpanda farasi, kesho mpelelezi, keshokutwa muuaji mwenye glavu au mjinga wa vichekesho, na mimi niliyewahi kula kwa kuigiza jukwaani nasema kwa uchungu kwamba mtu huyu wa majivuno aliijua kazi, kwani mpelelezi wake alitembea kwa mabega, mjinga wake kwa magoti, na kwenye kufa ndiyo usiseme, alidondoka kutoka juu ya paa bila kofia kumtoka.

Waitaliano, lakini, walipiga picha kwanza, sauti ikatiwa baadaye na mtu mwingine, hivyo filamu ilipofika Bukoba baba yake alisikiliza kidogo, akasema, "Huyu si mwanangu, mwanangu hana sauti hiyo," akaenda zake, na hakubadili neno hadi kaburini.

Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa na dada yangu Benedicta, wakajaliwa binti, Flavia, kisha akarudi zake Roma, na dada akabaki kumtazama mumewe kwenye sinema akibusu wengine, nami chuki yangu ilianzia hapo, siifichi.

Filamu zilipokwisha alirudi nyumbani, na mwaka 2003 akaja hapa kununua viatu vya biashara kwenye soko la Liuhua. Mwaka huu wa 2009, msako wa polisi wa kukagua pasipoti ulipokolea naye visa imemwishia, alijifungia ndani na shinikizo la damu, jirani yetu Odette wa Lubumbashi akimbembeleza, "Papa, twende ku hospitali," naye akimjibu, "Mama, kufa nakujua, haya bado mazoezi," na tarehe 19 Julai mazoezi yakaisha.

Dada anataka azikwe kwenye kibanja chao, shamba la migomba kule Kashozi, lakini asiposaini kwa polisi ndugu mwenye pasipoti mkononi ili asafirishwe, Ijumaa maiti itachomwa hapahapa, na visa yangu iliisha Machi.

Tunamshukuru daktari aliyekubali kupanda ngazi, Odette aliyemwosha, na wafanyabiashara wenzetu mliokuja huku mkichungulia mlango. Kesho asubuhi nakwenda kusaini, watanishika, watanirudisha, na duka langu ataliangalia Odette. Pumzika kwa amani, shemeji, maana ya kwangu umeondoka nayo.