Mwalimu Benoît Kabera na Marais Watatu wa Amerika

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima wa Kingi asubuhi hii, mimi Godelieve, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Nitayasoma kama alivyotaka yasomwe.

Mwalimu Benoît Kabera alizaliwa Muheto tarehe 11 Juni 1915, mtoto wa kwanza wa Papa Kayitare na Mama Kanyange, wafugaji. Tangu utoto alikuwa mtu wa ndoto. Papa alimpa ng'ombe wanane awachunge, naye alikaa kwenye majani kutazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, mpaka akasahau kwamba ana ng'ombe. Jioni ng'ombe walirudi wenyewe na Benoît akiwa nyuma yao, kama yeye ndiye anayechungwa. Papa alicheka sana, kisha akaamua kumpeleka shule.

Alianza masomo kwa mapadri mwaka 1925, akapata cheti cha ualimu mwaka 1934. Kifaransa kilimwingia hata tukamsikia akikisema usingizini.

Tarehe 20 Aprili 1940 alifunga ndoa na Emérita Mukabaranga. Mama Emérita husimulia kwamba wakati wa uchumba kaka alifika kwao mara tatu, na mara zote tatu aliongea juu ya mawingu. Mara ya nne baba mkwe alimuuliza kama amekuja kuoa au kutabiri mvua. Walijaliwa watoto wanne.

Wakati wa vita, mwaka 1943, alichukuliwa kuwa karani katika kambi ya madini upande wa Omate, Walikale. Huko alifika injinia mmoja Mwamerika aliyejua Kifaransa. Mvua ya msituni ikianza, kazi husimama, na siku hizo injinia alikaa barazani akimweleza karani wake habari za marais wa nchi yake. Alipoondoka mwaka 1945 alimwachia kitabu cha Kifaransa chenye picha zao. Kaka alikibeba kifuani njia yote, akarudi kufundisha hapa Kingi mwaka 1946.

Wanafunzi wake walioko hapa wanakumbuka. Ukungu uliingia darasani kupitia madirisha, mwalimu akafifia mbele ya ubao, na sauti yake ikatoka ndani ya weupe ule ikisema habari za watu wa mbali. Aliwapenda marais watatu. Wa kwanza, Roosevelt yule wa zamani, aliyetenga misitu mikubwa ili isikatwe. Wa pili, Taft, mtu mnene aliyetamani kiti cha hakimu kuliko kiti cha urais, na mwishowe akakipata. Wa tatu, Wilson, ambaye alikuwa mwalimu kama yeye, na baada ya vita vya kwanza alitaka mataifa yote yakae katika baraza moja yasemezane kabla ya kupigana. Kaka akifika kwa Wilson alishusha sauti, kama mtu anayesimulia ndoto asiyotaka iishe.

Mwaka 1949 ng'ombe wa Papa Karangwa waliingia katika maharagi ya Mama Agathe. Majirani wa pande zote mbili walishika mapanga. Kaka alitoka darasani na chaki mkononi, akasimama katikati ya shamba, akawaomba kila upande uchague watu sita. Hao kumi na wawili wakae pamoja kila Jumamosi, kila mtu aseme, na asiyekuwepo asihukumiwe. Waliiita Kamati ya Wilson. Tangu siku ile hakuna damu iliyomwagika hapa kwa ajili ya malisho.

Lakini mwaka 1952 mtawala mmoja wa serikali alisikia kwamba watu wa mlima wanachagua wasemaji wao bila ruhusa. Kaka alihojiwa siku tatu, kisha akapelekwa kwa nguvu Walikale, akae huko miaka miwili. Mama Emérita alibaki akiuza maziwa ili watoto wale. Kaka alitutumia barua akisema kwamba msituni jua halichomozi, linadondoka tone moja moja kupitia majani, na kwamba wawindaji waliompokea wanamgawia nyama na hawamuulizi kosa lake.

Akiwa huko alimwandikia yule injinia, akiuliza kazi ya Wilson iliishia wapi. Jibu lilifika Machi 1954. Injinia hakumficha kitu. Nchi ya Wilson yenyewe ilikataa kuingia katika baraza lile. Na Wilson huyo huyo aliruhusu makarani weusi wa serikali watengwe na weupe, wengine wakawekwa nyuma ya pazia, na viongozi wa watu weusi walipokwenda kumlalamikia aliwaambia kwamba kutengwa huko ni kwa faida yao. Kaka yangu, aliyekuwa karani, aliisoma barua ile hadi karatasi ikakatika kwenye mikunjo.

Alirudi Agosti 1954, akapewa tena darasa dogo. Jumamosi ya kwanza alikwenda kwenye kamati, akawasomea barua yote, akaomba jina la Wilson liondolewe. Aliogopa kwamba kamati nayo itakufa. Mama Agathe ndiye aliyemjibu: "Mwalimu, sisi hatukuikalaka apa sababu ya ule muntu. Tuliikala sababu ya maharagi. Jina, utoe. Kamati, utuachie."

Basi jina liliondoka, watu wakabaki. Na darasani kaka aliendelea kufundisha marais wale wale, ila sasa alieleza pande mbili za kila mmoja: aliyetenga misitu ndiye pia aliyekuja Afrika na bunduki kuua wanyama wengi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1957. Hospitalini walisema mapafu yameharibika. Mwezi wa tisa mwaka huu aliniita, akaniambia nichukue kaye, lile daftari la shule, na kalamu.

"Godelieve, maisha yangu usiisome nusu. Mambo ya Faustin, uiandike."

Nimeyaandika. Siku ya tatu ya kuhojiwa, mwaka 1952, kaka aliulizwa nani mwingine anayafundisha masomo yale ya Wilson, naye alitaja jina la mwalimu mwenzake, Faustin Kanyamibwa, aliyeyanakili katika daftari lake. Faustin alifukuzwa kazi, na hakurudishwa. Ameishi kwa kuchimba mawe huko Omate. Kaka alirudi nyumbani, akafundisha, akasifiwa, na miaka minne alipita mbele ya nyumba ya mama yake Faustin bila kuinua macho.

Tulituma ujumbe. Faustin alitembea siku mbili, akafika tarehe 28 Septemba. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na kaka akamwambia yote kwa sauti ndogo, akipumzika kila baada ya maneno machache.

Faustin alisema: "Nilijuaka tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangojea uniambie weye mwenyewe."

Naye hakuondoka. Siku tano alimwosha, akamgeuza, akamnywesha maziwa kwa kijiko. Mwalimu Benoît Kabera alifariki tarehe 3 Oktoba 1958, asubuhi, bonde lote likiwa limejaa ukungu mpaka mlangoni. Kichwa chake kilikuwa mkononi mwa Faustin.

Wako waliotaka sehemu hii niiruke. Mama Emérita alisema isomwe.

Marehemu ameacha mjane, Mama Emérita. Watoto wanne, Manassé, Daphrose, Léopold na Joséphine-Marie. Na mimi mdogo wake. Jana Faustin Kanyamibwa aliniomba jina lake liandikwe hapa, kati ya ndugu. Nimeliandika.

Udongo wa Kingi umpokee kwa upole, na Mungu ampe amani yake.